Kipindi cha Kumi na Nne Niliandika Mimi

Simu sikioni, maharage yanaungua jikoni, na Majidi upande wa pili ananiambia, "Fidha, kaa chini kwanza." Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita.

Sikukaa. Niliegemea mlango.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi, maana aibu yangu haina haja ya kurefushwa. Mimi ni Hafidha, mzaliwa wa Mkuyuni. Naishi Morogoro mjini na naandika michezo ya redio. Majidi, yaani Abdulmajid, ni rafiki yangu na mshindani wangu tangu kidato cha kwanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa akibandika insha bora ukutani kila Ijumaa. Ijumaa hii yangu, Ijumaa ijayo yake. Nikishinda mimi, haongei nami mpaka Jumatatu. Akishinda yeye, chakula hakinipiti kooni.

Miezi mitano iliyopita dada Winfrida, meneja wa vipindi wa redio moja ndogo hapa mjini, alituita wote wawili. Alitaka mchezo wa mapenzi.

"Lakini sitaki wale wa kuonana leo na kufa kwa mapenzi leo hii hii," alisema. "Nataka marafiki wawili wanaogombea kitu kimoja, mapenzi yaje yenyewe bila kuitwa. Mtaandika kwa zamu. Atakayekosa zamu yake, ametoka. Na mwishoni atakayepata ajira ni mmoja."

Tukazaa mchezo tuliouita Meza Mbili. Rehani na Chausiku, wauza machungwa, meza zao zimepakana sokoni. Wamekua pamoja. Mchana wananyang'anyana wateja, jioni wanagawana muhogo wa kuchoma.

Tuligombana tangu mwanzo. Majidi alitaka Rehani atamke mapenzi kipindi cha tatu.

"Atatamkaje?" nikamuuliza. "Hata hawajaumizana."

"Wewe unajua nini kuhusu mapenzi?"

"Najua kuhusu kushindana. Mtu unayeshindana naye unamjua hadi kikohozi chake. Acha kwanza Chausiku amjue Rehani, ajue akitaka kudanganya bei anaanza kujikuna shingo. Mapenzi yatapita hapo hapo."

Kisha akacheka, akafuta ukurasa wake wote.

Kipindi cha kumi na nne kilikuwa zamu yake. Siku mbili kabla, mama yake aliteleza shambani Kinole, mguu ukavunjika. Majidi akahamia hospitali. Nikaona rafiki yangu anaondolewa kwenye mashindano kwa kosa la kumuuguza mama. Nikaandika mimi, nikaweka jina lake, nikapeleka. Tulijua sisi wawili tu.

Na ndani ya kipindi hicho, wasomaji wangu, nilimwaga kila kitu nilichoshindwa kumwambia Majidi kwa miaka kumi na tatu.

Rehani anaumwa. Meza yake iko tupu siku ya tatu. Wateja wote ni wa Chausiku, na Chausiku hauzi. Amesimama anaongea na meza.

"Nilikuwa naamka alfajiri, si kwa sababu ya wateja. Nilitaka nikukute hujafika, nikucheke. Sasa nafika wa kwanza kila siku, na sina wa kumcheka. Chukua wateja wote, Rehani. Chukua na ile kona ya barabarani. Wewe rudi tu."

Aliyeyasema maneno hayo hewani, kwa sauti ya Chausiku, ni Nasra, mtoto wa mama yangu mdogo. Naishi naye chumba kimoja Kihonda.

Sasa turudi kwenye simu.

"Haya, nimekaa," nikamdanganya Majidi.

"Nataka kupeleka posa."

Nilisikia damu imenipanda masikioni. Miaka kumi na tatu, nikawaza, na ameamua kunitamkia kwenye simu, mimi nina mwiko mkononi.

"Kwa nani?"

Akakohoa. "Kwa Nasra."

"Nasra gani?"

"Fidha, tunawajua akina Nasra wangapi?"

Akaanza kueleza haraka haraka, kama mtu anayeshuka mlima mvua imeshaanza.

"Siku ile nilipokuja kuchukua karatasi zangu studio, alinifuata kwenye ngazi analia. Akasema hakuna mtu aliyewahi kumwandikia maneno kama yale. Anaamini nilimwandikia yeye, kwa sababu nilijua ni yeye atakayeyasema."

"Ukamwambiaje?"

"Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini alikuwa analia, Fidha. Nikanyamaza. Kesho yake akawa ameshamwambia mama yake. Keshokutwa mama yake ananiita mwanangu."

"Unampenda?"

"Ni msichana mwema."

"Sikukuuliza wema wake."

"Nasra hana tatizo. Mama yangu anampenda, alikuja kumlisha uji wodini." Akashusha sauti. "Wewe unasemaje?"

"Mimi nani hata niseme?"

"Wewe ni rafiki yangu. Ukisema neno, mimi nasikiliza."

Neno nilikuwa nalo. Nililibeba kutoka kidato cha kwanza, nikalipeleka chuo, nikarudi nalo. Nikafungua mdomo nilitoe, likatoka jingine.

"Hongera."

Nilimsikia anapumua.

"Hongera tu?"

"Hongera sana."

Akakata simu. Nikageukia jiko. Maharage yalikuwa yameshikana na sufuria, meusi kama mkaa wenyewe.

*

Nilidhani hilo ndilo pigo la juma lile. Jumatatu likaja la pili.

Dada Winfrida alituita ofisini. Mezani kwake kulikuwa na rundo la karatasi, meseji za wasikilizaji alizozichapa. Nyingi zilihusu kipindi kimoja.

"Kuna dereva wa lori ameandika kwamba alisimamisha gari pembeni pale Mikumi ili asikilize mpaka mwisho," alisema. "Kuna mama amemrudia mume wake. Sina haja ya kuzunguka. Ajira ni ya Majidi."

Nikapiga makofi. Nilipiga peke yangu, kwa hiyo makofi yalisikika vibaya.

"Fidha, usikasirike," aliniambia kwa upole. "Vipindi vyako vimenyooka, havina kosa. Lakini kile cha kumi na nne wewe usingeweza. Unaandika kwa akili. Huyu kaandika kwa kidonda."

Majidi akasukuma kiti nyuma. "Dada Winfrida, kuna jambo inabidi..."

Nilimkanyaga chini ya meza. Nilimkanyaga kwa kisigino, na nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi.

Alinifuata hadi nje, anachechemea.

"Kwa nini umenikanyaga?"

"Mama yako ana vyuma mguuni. Chukua kazi."

"Kazi ni yako!"

"Punguza sauti."

"Ile meza tupu ni yako. Yale maneno ni yako. Nitakaaje kwenye kiti chako kila asubuhi?"

"Na Nasra utamwambiaje?"

"Ukweli."

"Ukishamwambia hukuandika wewe, swali lake la pili litakuwa mwandishi alikuwa anamwandikia nani."

Alinitazama. Nyuma yake milima ilikuwa imefunikwa na ukungu hadi nusu, na mimi nikaona niitazame hiyo milima kuliko kumtazama yeye.

"Hata mimi ningependa kujua," alisema.

Mlango ulikuwa wazi, wasomaji wangu. Wazi kabisa. Na mimi nikaurudishia kwa mikono yangu miwili.

"Ni mchezo wa redio, Majidi. Watu wanabuni."

"Kweli?"

"Wewe unavyoandika habari za wizi, umewahi kuiba?"

Hakucheka. Aliondoka anachechemea, na hakugeuka.

*

Posa ilipangwa kwenda Ijumaa. Kwetu Uluguruni neno la mjomba ndilo linalopita, na kwa kuwa mama yangu na mama yake Nasra ni tumbo moja, mjomba wetu ni mmoja, Mjomba Abuu wa Mkuyuni. Alishapaka chokaa ukuta wa mbele. Alishaazima mikeka.

Jumanne jioni tulikuwa chumbani na Nasra, tunapika.

"Dada, hujafurahi," akaniambia.

"Nimefurahi."

"Umekatia kitunguu kwenye chai."

Nikaangalia birika. Kweli.

Nasra akanipokonya kisu, akanikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa. Ana miaka ishirini na mbili. Alipofiwa na baba yake ni mimi niliyekuwa nikimpeleka shule, nikimchana nywele, nikimsomea hadithi nilizokuwa naziandika kwenye madaftari ya hesabu. Mwalimu wa kwanza wa huyu msichana katika kuyapenda maneno nilikuwa mimi.

"Unajua nilichompendea Majidi?" akasema. "Si sura. Sura yake ya kawaida tu. Ni yale maneno. Nimeyashika yote kichwani."

"Nasra, maji yanachemka."

"Yaache. Sikiliza. 'Nilikuwa naamka alfajiri, si kwa sababu ya wateja.' Unaona? Mwanamume gani anajua mwanamke anavyowaza hivyo? 'Nilitaka nikukute hujafika, nikucheke.'"

Akayasema yote. Akasimama pale pale niliposimama mimi wakati nayaandika, mbele ya dirisha. Alipofika kwenye "wewe rudi tu," sauti ikakatika, akajifuta macho na ncha ya kanga.

"Mtu akikuambia hivyo, dada, utamwachaje?"

"Humwachi," nikasema.

"Basi ndiyo hivyo."

Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nimewauliza rafiki zangu wote baada ya mambo kuharibika, na kila mmoja ana jibu zuri. Siku ile mimi nilimeza kitunguu na chai yake.

*

Jumatano, saa nane mchana, dada Winfrida aliandaa kipindi maalumu cha wasikilizaji kupiga simu na kuongea na watu wa Meza Mbili. Moja kwa moja, bila kurekodi. Asubuhi mama alinipigia kutoka Mkuyuni. Mjomba Abuu amewaita majirani, redio imewekwa barazani, wote wanataka kumsikia mkwe.

Studio ni chumba kidogo. Dada Winfrida kichwani mwa meza. Kulia kwake Majidi, kushoto Nasra, mimi kati ya Nasra na ukuta. Kila mmoja na maiki yake na hedifoni zake. Ng'ambo ya kioo alikaa Oscar, fundi mitambo, mtu wa Ifakara, mpole, rozari shingoni. Miezi mitano nimefanya naye kazi, na yote aliyowahi kuniambia unaweza kuyaandika kwenye kiganja. Maiki iko tayari. Sogea kidogo. Pole kwa mvua.

Simu tatu za mwanzo zilikuwa salamu. Ya nne ilitoka Dumila.

"Mimi naitwa Magreth, nauza vitunguu hapa njia panda," ilisema sauti. "Nina swali kwa huyo kaka aliyeandika kipindi cha meza tupu. Kaka, shikamoo yako naipokea hata kama hujanipa."

Tukacheka. Majidi akatoa shikamoo.

"Marahaba. Nina miaka hamsini na nane. Nimezika mume. Yale maneno hayatungwi, yale yanamtoka mtu. Uliyamwandikia nani?"

Nasra alishusha macho mezani, akitabasamu, anasubiri jina lake.

Majidi alimtazama Nasra. Akanitazama mimi. Nikamtikisia kichwa, taratibu, usithubutu. Miguu yangu haikufika alipo.

"Mama Magreth," akasema, "siwezi kukudanganya mtu mzima. Maneno yale si yangu."

Tabasamu la Nasra lilibaki usoni, lakini yeye mwenyewe alishaondoka.

"Nilikuwa hospitali na mama yangu. Aliyeandika ni Hafidha. Akaweka jina langu ili nisitolewe. Kazi niliyopewa ni yake. Na machozi mliyolia, mlilia kwa sababu yake."

Mtangazaji mwingine angeweka muziki. Dada Winfrida si mtangazaji mwingine. Ana miaka kumi na mmoja kwenye kazi hii na alishanusa kitu. Aliinama mbele.

"Fidha. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Dada," Nasra akasema. Hakusema kwa sauti ya Chausiku, ile inayojua kulia. Ilikuwa sauti ya yule mtoto niliyekuwa nikimchana nywele. "Basi ulimwandikia nani?"

Mimi ndiye ninayewapa watu cha kusema. Ungempa Chausiku wa mchezoni dakika moja na swali kama lile, ningemtafutia jibu la kuwaliza na kuwachekesha. Mimi mwenyewe sikupata hata herufi.

Nikitaja jina la kweli, posa inafia barazani kwa mjomba, mbele ya majirani na mikeka ya kuazima. Nikisema sikumwandikia mtu, nani ataniamini? Mwanamke wa Dumila ambaye hajawahi kuniona ameshaniona hadi utumbo. Nasra ananitazama. Majidi ananitazama, na yeye ndiye niliyeshindwa kabisa kumtazama. Nikanyanyua macho ili nisimwone yeyote, na mbele yangu, nyuma ya kioo, palikuwa na uso.

"Oscar," nikasema.

"Oscar yupi?" dada Winfrida akauliza.

"Oscar wetu. Fundi mitambo."

Nasra alipiga kelele. Akacheka, akalia, akanikumbatia shingo mpaka hedifoni zangu zikadondoka na maiki ikayumba. "Dada! Na ulivyo kimya! Mbona hukuniambia?" Moyo wake ulikuwa unanidunda ubavuni kama wa kuku. Alikuwa amenusurika, na alikuwa hajui amenusurika na nini.

Kwenye mkoba wangu simu ikaanza kutetemeka. Nilijua ni mama. Oscar Mkristo wa Ifakara, na mjomba mzima kasikia. Hilo lingetosha kunizika.

Lakini nilikosea kutazama kioo tena.

Nilitegemea Oscar ashangae. Au acheke, au akunje uso, aseme huyu dada kachanganyikiwa. Hakushangaa. Alivua hedifoni zake, akaziweka chini kwa uangalifu. Alikuwa na uso wa mtu aliyekaa kwenye foleni tangu asubuhi, akakata tamaa, halafu akasikia jina lake linaitwa.

Mungu wangu, nikawaza. Nimefanya nini?

Oscar akasimama. Akaacha kiti chake, akaanza kuja kwetu.

"Tupate muziki kidogo, wasikilizaji, tutarudi," dada Winfrida alisema kwa sauti iliyojaa. Akapunga mkono kuelekea kwenye kioo bila kugeuka, kama anavyopunga kila siku, akavua hedifoni na kuinamia mkoba wake kutafuta kitambaa cha kujifutia macho.

Majidi naye akavua zake. Nasra alikuwa bado amenishika, kichwa chake begani kwangu. Majidi akainama juu ya meza, karibu kabisa, na akaongea chini chini ili nisikie mimi peke yangu.

"Nilidhani ni mimi."

Nikashika ukingo wa meza.

"Ile siku nilipokupigia simu, sikuwa naomba ruhusa, Fidha. Nilikuwa nangoja uniambie nisiende. Niliisoma ile meza tupu mara sita kitandani kwa mama, nikasema huyu ananiandikia mimi. Wewe ukaniambia hongera." Akatupa jicho mlangoni. "Leo nimesema ukweli mbele ya watu nikitegemea utataja jina langu. Niambie sasa hivi, kabla huyu mtu hajafika mlangoni. Ni Oscar kweli?"

Kitasa cha mlango kikazunguka. Oscar akasimama pale, mikono yake hajui aipeleke wapi.

Ndipo nilipogundua kwamba sisikii muziki.

Hapakuwa na mtu wa kuuweka. Anayeweka muziki alikuwa amesimama mlangoni. Anayezima maiki alikuwa amesimama mlangoni. Juu ya kichwa chake taa nyekundu ilikuwa inawaka vile vile, haijapepesa hata mara moja.

Kati yetu sote aliyekuwa bado na hedifoni masikioni alikuwa Nasra.

Aliinua kichwa begani kwangu polepole. Hakumtazama Majidi. Alinitazama mimi, karibu sana, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Dada," akasema, "tuko hewani."